Kidonda cha moto kimefunga, mbona vidole havifunguki?

Mwezi jana bibi mmoja katoka kisiwani Ukerewe na mjukuu wake wa miaka minne, akaniambia daktari huyu alishapona ila vidole ndo havifunguki. Nikaushika ule mkono, vidole vitatu vimejikunja mpaka kucha zinachoma kiganja. Aliangukia uji wa moto mwaka jana. Na bibi wa watu hakuzembea, alimwacha akunje mkono kwa sababu kila akiunyoosha mtoto analia, nani angevumilia kilio kile?

Shida yenyewe ndo hiyo jamani. Mkao unaompa nafuu mtu aliyeungua ndo huohuo utakaomfunga, kidevu kinashikana na kifua, kiwiko kinakunja, kwapa linagandana na ubavu, maana kidonda kilichozama kinafunga kwa kujivuta na kovu linaendelea kuvuta hata mwaka mzima baada ya ngozi kufunga.

Kwahiyo tunampiga nusu kaputi, nakata kovu taratibu mpaka vidole vinyooke, sio kwa kulazimisha, mishipa ya damu nayo imeshazoea ufupi ukiivuta ghafla ncha ya kidole inakuwa nyeupe. Hapo linabaki pengo linalotaka ngozi. Sehemu nyingi tunachuna ya pajani, nyembamba haifiki nusu milimita, na paja linaota upya lenyewe kwa wiki mbili hivi. Ila kiganja cha mtoto mimi nakitafutia ngozi nene ya kinenani, halafu nilipotoa napashona, kwasababu ile nyembamba inajikunja tena sana. Siku za mwanzo hiyo ngozi haina damu yake, inaishi kwa kunyonya majimaji ya chini yake, ikisogea kidogo tu au damu ikijikusanya chini inakufa, ndo maana bendeji hatuifungui kama siku tano.

Afu banzi, kile kigango kinachofungwa mkononi kushikilia vidole vikae vimenyooka. Kuna mtoto nilishawahi kumruhusu nikamkabidhi mama yake banzi bila kukaa nae nikamweleza, wakarudi mkono umekunjika vilevile, kosa langu lile na linaniuma mpaka leo. Saa hizi mzazi analifunga na kulifungua mbele yangu mpaka niridhike, maana ni kila usiku kwa miezi, na mchana kukanda kovu na mafuta na kunyoosha vidole.

Bibi alipatia mara ya pili tu. Akaniuliza, "Hata kwenye meli ya Nansio, mwanangu?" Nikamwambia hata kwenye meli, bibi, akilala tu mfunge.