Kinga ya mpaka wa Ireland ni nini?

Kinga ya mpaka, ambayo magazeti ya Kiingereza yaliiita "backstop", ilikuwa sharti la kisheria katika mkataba wa Uingereza wa kujitoa Umoja wa Ulaya ambao Waziri Mkuu wake, Theresa May, aliukubali Novemba 2018. Lilieleza kwamba, hata kama mazungumzo ya biashara yangekwama, Uingereza nzima ingebaki katika eneo moja la forodha na Umoja huo, na Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, ingeendelea kufuata kanuni zake nyingi za bidhaa, hadi upatikane mpango mwingine wa kuzuia vituo vya ukaguzi visirudi kwenye mpaka wake na Jamhuri ya Ireland, mwanachama wa Umoja huo, wenye urefu wa kilomita zipatazo 500.

Wengi waliliona jambo hili kuwa la forodha tu. Kwa hakika lilikuwa pia hati ya kutoaminiana, kwa maana mkopeshaji anayemwamini mkopaji hadai dhamana.

Serikali ya London ilikuwa imerudia mara nyingi kwamba haitaki vizuizi mpakani, kwa kuwa mkataba wa amani wa 1998, uitwao Mkataba wa Ijumaa Kuu, ulikuwa umefikisha kikomo miongo mitatu ya umwagaji damu Ireland Kaskazini. Lakini wakati huohuo ilitangaza kujitoa katika soko la pamoja na umoja wa forodha, bila kueleza jinsi mambo hayo yangepatana. Tarehe 8 Desemba 2017 ilitoa kwa maandishi ahadi ya kutorudisha vizuizi mpakani. Siku mbili baadaye David Davis, waziri aliyesimamia Brexit (yaani kujitoa huko), alisema kwenye televisheni kwamba maandishi hayo yalikuwa tamko la nia zaidi kuliko wajibu wa kisheria. Ingawa aliilegeza kauli hiyo upesi, Waziri Mkuu wa Ireland, Leo Varadkar, na Simon Coveney, waziri wake wa mambo ya nje, walishikilia kwamba ahadi hiyo iandikwe katika lugha ya mkataba, na nchi nyingine za Umoja zikawaunga mkono.

Ni haki kukumbuka kwamba May alitegemea kura 10 za DUP, chama cha Ireland Kaskazini kinachotaka eneo hilo libaki Uingereza, kilichoipinga kinga hiyo, na hivyo hakuwa huru kikamilifu. Hata hivyo, bunge lilipoukataa mkataba wake kwa kura 432 dhidi ya 202 Januari 2019, yeye mwenyewe aliunga mkono hoja ya kuiondoa kinga aliyokuwa ameikubali.

Oktoba 2019 Boris Johnson, aliyemrithi May, aliibadilisha kwa itifaki iliyohamishia ukaguzi wa bidhaa kati ya Ireland Kaskazini na Uingereza bara, ingawa mwaka uliotangulia alikuwa amewaambia wajumbe wa DUP kwamba serikali ya chama chao cha Conservative haiwezi kukubali mpango wa namna hiyo. Septemba 2020 Brandon Lewis, waziri wa Ireland Kaskazini, alikiri bungeni kwamba muswada mpya wa serikali, wenye vifungu vya kukiuka itifaki hiyo, ungevunja sheria ya kimataifa "kwa namna mahususi na yenye mipaka". Vifungu hivyo viliondolewa Desemba.