Je, wajua? Ukitaka weksafu Mwanza, uliza saa kabla ya mwezi

Muulize mtu wa Mwanza Ziwa Victoria linafaa lini kwa mchezo wa weksafu, atakwambia Juni hadi Agosti: mvua imekatika na anga ni jeupe. Jibu hilo linatolewa na wengi, ila linaangalia mawingu badala ya maji. Katika mchezo huu mtu husimama kwenye ubao mfupi nyuma ya boti, huiachia kamba inayomvuta, kisha husukumwa na wimbi la boti peke yake. Mvua ya kawaida haimsumbui. Kinachomsumbua ni upepo.

Boti huenda pole pole, kilomita 16 hadi 19 kwa saa, nyuma ikiwa imedidimizwa kwa matanki ya maji ili ichimbe wimbi nene lisilokatika. Ziwa likichafuka, viwimbi vya upepo huuvunjavunja uso wa wimbi hilo, na ubao hudundadunda badala ya kuteleza. Na Juni hadi Agosti ndiyo miezi ambayo pepo za kusini mashariki hupata nguvu, kiasi cha kupoza maji ya juu ya Ziwa Victoria na kuyachanganya na ya chini. Kusubiri msimu kuna maana kaskazini mwa Marekani, ambako maziwa huganda wakati wa baridi. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na maji yake hukaa kwenye nyuzijoto 23 hadi 27 hivi mwaka mzima.

Kinachogeuka sana hapa ni siku yenyewe. Chukua bati la nyumba na mtungi wa maji, vyote juani. Saa nane mchana bati haligusiki, maji ya mtungini bado yana ubaridi. Saa nne usiku bati limeshapoa, mtungi bado una uvuguvugu. Nchi kavu ndiyo bati. Ziwa, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, ndilo mtungi. Mchana hewa ya nchi kavu hupata joto na kupanda, ya ziwani huja kushika nafasi yake, na huo ndio upepo wa alasiri unaochafua maji. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kati ya zamu hizo mbili maji hutulia, mara nyingi tangu jua kuchomoza hadi kama saa tatu au nne asubuhi. Jioni pia kuna utulivu, lakini giza huwahi kuingia.

Upepo wa usiku una jambo la ajabu zaidi. Hutoka pande zote za ziwa, hukutana katikati, na hewa yenye unyevu ikikosa pa kwenda hupanda juu na kuzaa radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria ni za usiku, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, mabaki yake huweza kufika alfajiri. Hapo mwezi nao una neno lake. Kwangu mimi chaguo ni Januari na Februari, kati ya vuli na masika, ingawa mvua haikosekani kabisa. Ghuba ya Mwanza, nyembamba na yenye vilima kandokando, haina tabia moja na maji ya wazi kuelekea Ukerewe, kwa hiyo soma utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kisha waulize wavuvi wa mwalo ule ule unakoanzia safari.

Boti yenye injini ya kuning'inia nyuma isitumike kabisa: anayeteleza yuko mita chache tu kutoka kwenye panga la injini linalozunguka majini. Boti ya mchezo huu ina panga lililofichwa chini ya tumbo lake. Ingia majini ukiwa mbali na matete, maana konokono wa kichocho hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na vimelea huwatoka kwa wingi jua linapokaribia utosini.