Clarke alikuwa shabiki kabla ya kuwa mwandishi

Watu wengi hudhani kwamba mashabiki wa hadithi za kubuni za kisayansi nchini Uingereza walijikusanya kumzunguka mwandishi Arthur C. Clarke baada ya yeye kupata umaarufu, ilhali mambo yalikwenda kinyume kabisa. Tarehe 3 Januari 1937, mashabiki wachache walipokutana mjini Leeds na kuunda chama chao, Clarke alikuwa miongoni mwao: kijana wa miaka 19, mkaguzi mdogo wa hesabu serikalini, ambaye hakuwa ameuza hadithi hata moja. Ushabiki wake ulikuwa kazi hasa, tena ya bure. Baada ya saa za ofisi alisaidia kuhariri Novae Terrae, jarida dogo la mashabiki lililoanzishwa Nuneaton mwaka 1936, na nyumba aliyopanga pamoja na shabiki mwenzake William F. Temple katika mtaa wa Gray's Inn Road, London, ikawa kituo cha wenzao. Hadithi zake za mwanzo zilitokea katika majarida ya aina hiyo (wala sioni aibu yoyote katika hilo). Zile zilizochapishwa na majarida ya Marekani yaliyowalipa waandishi zilianza kuonekana mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha.