Sungura Anakunywa Maji, na Nimechoka Kulisema

"Dokta, lakini sungura si hanywi maji?" Inasikika kama swali, ila si swali. Ni uamuzi uliokwisha kupitishwa nyumbani, kilichobaki ni mimi kugonga muhuri. Nimeisikia kwa mama wa Ntinda, hapa Kampala, aliyemnunulia mwanawe sungura mmoja mweupe wakati wa likizo, kwa mzee wa Mukono mwenye vizimba vilivyopangwa ukuta mzima, na kwa vijana waliosoma hadi chuo kikuu. Kila mmoja aliambiwa na jajja yake (bibi au babu), au na jirani, au na yuleyule aliyemuuzia mnyama. Na wakati tunabishana, sungura mwenyewe amelala mezani. Ukibana ngozi ya mgongo inakawia kurudi, tumbo halina mlio hata kidogo, na kinyesi cha mwisho ni punje chache ndogo, ngumu, za juzi.

Sungura wa kufugwa anatakiwa awe na maji safi mbele yake usiku na mchana. Kwa kila kilo ya uzito wake hunywa kati ya mililita 50 na 150 kwa siku, na huzidisha jua likiwa kali au akiwa anakula peleti (chakula kikavu cha punje cha dukani) na nyasi kavu. Maana yake sungura wa kilo 2 anaweza kumaliza robo lita na hapo hajafanya ajabu yoyote. Sungura mama anayenyonyesha watoto wengi hupita lita moja.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba baadhi ya hao wanaoapa kwamba sungura hanywi ndio wanaokinga mkojo wake kwenye madumu waupeleke kwenye mboga, na wengine wanauuza. Mkojo huo unatoka wapi? Sungura mzima wa kilo 2 hutoa karibu robo lita ya mkojo kwa siku. Hakuna mnyama anayetengeneza maji kwa miujiza. Ukiona dumu linajaa polepole kuliko zamani, usilaumu mbegu ya sungura, angalia bakuli.

Imani hii ina mizizi, na heri nieleze ilikotoka, kwa sababu ndani yake kuna vipande vya ukweli vilivyounganishwa vibaya.

Wa kwanza wa kulaumiwa ni sungura wa porini. Aliyekulia kijijini hajawahi kumwona akiinama kisimani, basi akahitimisha. Lakini wale wanaokatiza mbele ya taa za gari usiku ukielekea Masindi ni jamaa wengine, wa jenasi ya Lepus. Wa vizimbani ni Oryctolagus cuniculus, asili yake Uhispania na Ureno, na hawa wawili hawazaliani. Bunyoro kuna hata mwingine wa asili ya huku, Poelagus marjorita, naye si huyu. Wa porini hujichagulia majani mabichi alfajiri yakiwa na umande, hushinda kivulini, na akikuta maji hunywa bila kumwomba mtu ruhusa. Wako amefungiwa kwenye sanduku la mbao chini ya bati, anakula pumba za mahindi. Atapata umande wapi?

Kuna pia hoja ya majani mabichi, na hii nusu yake ni kweli. Majani mengi mabichi ni maji kwa asilimia 80 na zaidi, kwa hiyo sungura anayepata kafumbe, kichoma nguo na majani ya viazi vitamu asubuhi na jioni ataligusa bakuli mara chache. Atakunywa kidogo. Kidogo si sufuri. Ikifika Januari na Februari, nyasi zikikauka Gulu, Arua na Moroto, hata hicho kidogo cha majani hakipo tena, na joto limepanda. Sungura hatoi jasho, na hawezi kuhema akapoa kama mbwa anavyofanya. Anategemea masikio yake kupunguza joto. Hujisikia vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 21 hivi, na zikipita 28 anaanza kuteseka. Bati la Kampala mchana huvuka hapo kwa urahisi.

Lakini mzizi mgumu kuung'oa ni ule wa mtu aliyeona kwa macho yake. Aliwaletea majani yaliyoloa mvua, akayatupa sakafuni mwa kizimba. Siku chache baadaye watoto wa sungura wakavimba tumbo, wakahara, wakafa mmoja baada ya mwingine. Akasema: maji yanaua sungura. Namwelewa, ila hakuwaua kwa maji. Mara nyingi muuaji hapo ni koksidia. Vimelea hivi vya jamii ya Eimeria hutoka na kinyesi vikiwa bado havijakomaa, na ili viweze kuambukiza vinahitaji unyevu, joto na hewa kwa siku moja hadi chache. Sakafu iliyolowa, yenye majani, mkojo na kinyesi kwa pamoja, huvipa vyote hivyo. Mtoto aliyeachishwa kunyonya juzi hana kinga, na chakula chake kimelala juu ya hiyo takataka. Weka majani kwenye hori la waya lililoning'inia, fagia kinyesi kila siku, yakung'ute majani kabla ya kuyatoa na usiyaache kwenye rundo hadi yakapata joto na kuoza. Fanya hivyo kwanza ndipo tuzungumzie maji. Kumwondolea bakuli mtoto anayehara ni kummalizia, kwa sababu anachokipoteza kwa wingi ni hayohayo maji.

Sungura asiyepewa maji huanza kwa kupunguza chakula. Hapo mwenye mnyama hufurahi: pumba zinadumu! Lakini utumbo wa sungura umeumbwa kupitisha nyasi bila kusimama, na yeye hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kitokee upande wa pili. Chakula kikikauka tumboni, mwendo hupungua, gesi hujaa, maumivu huja, na mwenye maumivu hali, na asipokula mwendo unazidi kupungua. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula ni mgonjwa wa dharura, si wa kungojea Jumatatu. Naomba pia asinyweshwe maji kwa nguvu kwa chupa ya soda akiwa amelegea, yanaingia mapafuni.

Kibofu nacho kina kesi yake. Sungura hunyonya karibu kalisi (kalsiamu) yote iliyo kwenye chakula, kisha huitoa ya ziada kwa njia ya mkojo, tofauti na wanyama wengi. Ndiyo maana mkojo wake una ukungu, na rangi yake hubadilika kutoka manjano hadi machungwa au wekundu wa kahawia kutokana na majani aliyokula. (Si kila mkojo mwekundu ni damu, kwa hiyo msinipigie simu usiku wa manane kabla ya kukumbuka alikula nini.) Maji yakiwa machache, ile kalisi hutuama ikawa tope zito kibofuni. Anakojoa kwa kujikaza, analowa nyuma, nzi wanataga mayai hapo, na ndani ya siku mbili una funza kwenye ngozi iliyo hai.

Halafu kuna sungura mama aliyekula watoto wake. Watu husema ana laana, au mtu mbaya amewagusa. Niulize mimi: usiku ule wa kuzaa alikuwa na maji? Kiu ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za mama kula watoto, nayo ndiyo rahisi kuliko zote kuizuia. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Andika tarehe aliyopandwa, na kuanzia siku ya 28 hakikisha bakuli halikauki usiku.

Bakuli lenyewe liwe zito. Hapa sitaki ubishi. Vibakuli vya plastiki na makopo ya samaki hupinduliwa ndani ya dakika tano, kizimba kinalowa, mwenye nyumba anakasirika na kuamua kwamba maji ni usumbufu. Nadhani nusu ya imani hii inaishi kwa sababu ya makopo mepesi. Nenda sokoni ununue bakuli la udongo lenye kitako kipana, la bei ndogo tu, uliweke kwenye kona iliyo mbali na pale anapojisaidia. Chupa zenye kidomo cha chuma ni nzuri, ila kila asubuhi gusa kile kigololo kwa kidole. Mara kwa mara huganda, chupa inaonekana imejaa na mnyama anakufa kwa kiu mbele yake. Sungura huchangamka zaidi alfajiri na jioni, kwa hiyo badilisha maji jua linapozama, si asubuhi peke yake. Ya bomba yanafaa, ya mvua kutoka tangi lililofunikwa yanafaa. Usiongeze sukari, chumvi wala "vitamini" za kuku.

Na muhula wa shule ukifunguliwa, tafadhali mwambie waziwazi dada wa nyumbani kwamba kazi hiyo sasa ni yake. Wengi wa ninaowaona Februari walikuwa na maisha mazuri Desemba.

Sasa haya mengine, kwa haraka.

"Nilimpa amoksilini ya watoto." La, la, la. Dawa hiyo ikipita mdomoni huua bakteria wema wa utumbo wa sungura, wabaya wa jamii ya Clostridium hutawala na kutoa sumu, naye huhara hadi kufa ndani ya siku chache. Ampisilini ni vilevile, na linkomisini na klindamisini ni hatari zaidi. Duka la dawa la mtaani halijui haya, na si kosa lao. Wao wanauzia watu. Antibayotiki salama kwa sungura zipo, ila achague anayejua.

Karoti si chakula cha sungura. Ina sukari nyingi. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara moja moja, basi. Chakula chake ni nyasi, nyingi, mbichi na kavu, kwa sababu meno yake hayaachi kukua, milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na ni nyasi zinazoyasaga. Posho na mkate haviyasagi, vinamnenepesha tu. Majani na maganda ya ovakado, majani ya nyanya na ya viazi ulaya, na lantana ya uani, vyote ni sumu kwake.

Kumbeba kwa masikio: masikio yake yamejaa mishipa ya damu na neva, na akirusha miguu ya nyuma hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Watoto wadogo wakae chini wampakate, wasimbebe wakiwa wamesimama.

Kumwogesha na sabuni ni kumtesa. Hujisafisha mwenyewe. Akinuka, kizimba ndicho kichafu.

Mama "aliyewatelekeza" watoto kwa kawaida hajawatelekeza. Hunyonyesha mara moja, labda mbili, kwa siku, dakika tatu hadi tano, mara nyingi usiku au alfajiri wewe ukiwa umelala. Angalia matumbo ya watoto asubuhi: yakiwa ya mviringo na ngozi haina mikunjo, wameshiba. Unaweza kuwashika, mama hatawakataa kwa harufu ya mkono wako.

Oili chafu ya gari kwa upele wa masikio sijui nani aliianzisha. Inaunguza ngozi, na sungura huilamba wakati wa kujisafisha. Magamba yale mazito ndani ya sikio ni kazi ya utitiri, Psoroptes cuniculi, na ivermektini kwa kipimo cha uzito wake, ikirudiwa baada ya siku 10 hadi 14, huwamaliza. Usiyabandue magamba kwa nguvu, yataanguka yenyewe. Wala usimpake fipronili, dawa ya viroboto ya mbwa, hiyo ni sumu kwa sungura. Kama oili unayo na hutaki kuitupa, itie kwenye makopo na usimamishe miguu ya kizimba humo. Siafu wakija usiku huanza na watoto waliomo kiotani, na asubuhi hukuti kitu.

La mwisho ni simbilisi (guinea pig) anayewekwa na sungura ili "afukuze panya". Simbilisi hamfukuzi panya yeyote. Panya wanafuata pumba zilizomwagika, na gunia lililo wazi huwaita kutoka mtaa wa pili; weka pumba kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Tena usiwachanganye hao wawili. Sungura anaweza kubeba bakteria wa Bordetella bila kuumwa, kisha simbilisi akapata homa ya mapafu. Teke la sungura humuumiza mwenzake mdogo. Na simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo peleti za sungura hazimtoshi: mpe pilipili hoho au kipande cha pera kila siku, kwenye kizimba chake mwenyewe.