Gari la mkononi: oili mwaga, lakini kwanza iangalie

Swali hili linaniijia kila mara, na mara nyingi linakuja na picha ya gari ambalo bado lina vumbi la bandarini: "Fundi, gari nimelichukua leo. Aliyeniuzia anasema oili ni mpya. Nimwage au niache?"

Mwaga. Filta nayo badilisha, leo au kesho.

Wengi wanaotoa jibu hilo wanalitoa kwa sababu moja tu, kwamba oili iliyomo lazima imechoka. Inawezekana imechoka kweli, na inawezekana ni nzuri kabisa. Shida ni kwamba hujui ni oili gani, iliwekwa lini, na kama filta iliguswa. Oili mbili zenye rangi moja zinaweza kuwa moja ina wiki mbili na nyingine ina miaka miwili. Kwa hiyo unaanza hesabu yako upya, kilomita ya kwanza ya oili iwe kilomita unayoijua.

Ila kwangu hiyo ni sababu ndogo. Kubwa ni hii: oili ya zamani inajua habari za hiyo injini kuliko dalali, kuliko muuzaji, na pengine kuliko mwenye gari mwenyewe. Ukiiacha imwagwe wewe ukiwa kwenye benchi unachati, umetupa ripoti uliyoinunua pamoja na gari.

Muuzaji akikuahidi sevisi ya bure

"Usijali bosi, nakufanyia sevisi kabisa ndiyo nikukabidhi." Ukarimu huo ukatae kwa adabu. Mwambie asiguse kitu, sevisi utafanya mwenyewe. Injini inayogonga kidogo ikiwekewa oili nzito hutulia kwa siku kadhaa. Injini inayotoa moshi wa buluu kwa sababu ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isipande kuungua, zimekwisha, moshi nao hupungua. Zipo na dawa za kuongezea kwenye oili ambazo kazi yake kubwa ni hiyo hiyo, kuifanya iwe nzito. Gari ambalo filta ya hewa imejaa vumbi, tairi zimeisha, wiper zinakwaruza kioo, halafu oili peke yake inang'aa kama imetoka dukani asubuhi hiyo, mimi linanipa wasiwasi.

Nenda ukalione gari likiwa limelala, asubuhi, kabla halijawashwa. Ukikuta limeshapashwa moto wakati mlikubaliana wasiwashe, jiulize walikuwa wanaficha nini. Chomoa dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili, ifute, irudishe, chomoa tena. Rangi nyeusi isikutishe, hasa kwenye dizeli, maana oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kuwekwa. Hata ya petroli kuwa kahawia nzito ni dalili kwamba inafanya kazi yake ya kubeba uchafu. Pima kiwango kwanza. Kama kiko chini ya alama ya mwisho, mwenye gari hana tabia ya kuangalia oili, na hilo ni baya kuliko rangi yoyote. Kisha sugua tone kati ya vidole: usisikie mchanga. Nusa: kama inanuka petroli wazi wazi, kuna petroli inayovuja kwenda kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Sasa fungua kifuniko cha kujazia oili, washa tochi ya simu, chungulia ndani. Chuma cha kule chini kikiwa na rangi ya dhahabu au kahawia nyepesi, injini imetunzwa. Kikiwa kimeganda utando mweusi mzito kama masizi ya sufuria ya kuni, huyo mtu alikuwa anaongeza oili tu, hamwagi. Ukikuta chini ya kifuniko utando mweupe wenye povu, kuna maji. Inaweza kuwa ni unyevu tu wa gari linalokwenda safari fupi fupi bila kuchemka sawasawa, na inaweza kuwa gasketi ya hedi, ile inayotenganisha maji na oili, imeungua. Cheki kiwango cha maji ya rejeta kabla hujaendelea na mazungumzo ya bei.

Lililotoka Japani na lililotumika hapa

Gari la Japani lina siri moja ambayo watu wanaibandua na kuitupa bila kuisoma. Angalia nguzo ya mlango wa dereva, au ndani ya boneti, au kona ya juu ya kioo cha mbele: mara nyingi kuna stika ndogo ya gereji ya huko, yenye tarehe na kilomita za oili kubadilishwa, au za mabadiliko yanayofuata. Huhitaji kujua Kijapani, namba zinasomeka. Mwaka huwa wanauandika kwa kalenda yao: R5 ni 2023, H30 ni 2018. Sasa linganisha na dashibodi. Stika ikisema oili ibadilishwe ikifika kilomita 128,000, na dashibodi inasoma 76,000, hapo hatuzungumzii oili tena. Mtu karudisha kilomita nyuma akasahau stika.

Hata kama kila kitu ni halali, kumbuka kwamba kitabu cha Toyota kwa soko la Japani kinaruhusu magari mengi ya petroli yasiyo na turbo yaende kilomita 15,000 au mwaka mmoja ndipo oili ibadilishwe, na nusu ya hapo kwa matumizi magumu. Gari linaweza kuuzwa mnadani likiwa na kilomita 12,000 juu ya oili ile ile, na kwa sheria za kwao mwenyewe hajakosea. Baada ya hapo linasubiri meli, linakaa baharini wiki kadhaa, linakaa bandarini, linakaa yadi. Oili iliyotumika ina unyevu na asidi ndani yake, na haipumziki kwa sababu gari limesimama.

La kutumika hapa kwetu lina historia nyingine. Foleni. Gari linalotoka Kibaha kwenda Posta kila siku linaweza kusimama Kimara na Ubungo injini ikinguruma, kilomita hazisogei. Oili inahesabu masaa ya kazi, dashibodi inahesabu barabara tu. Gari kama hilo, na zaidi yale yaliyokuwa kwenye teksi za mtandaoni, mimi siamini kilomita zake hata kama hazijachezewa. Kitabu hicho hicho cha Toyota kinaita hali hii matumizi magumu. Mijini mimi nawaambia wateja wangu kilomita 5,000, na anayekaa sana foleni apunguze.

Siku ya kumwaga

Simama hapo. Fundi mzuri hakasiriki mteja akiangalia.

Chukua mfano wa Toyota IST au Vitz yenye injini ya 1NZ, maana ndizo zimejaa mjini. Washa injini dakika chache tu ili oili ilegee, zima, pandisha gari, weka beseni safi. Nasema safi kwa sababu beseni lenye oili ya magari mengine litakudanganya. Bolti ya kumwagia ni spana ya 14. Macho yawe kwenye matone ya kwanza: maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini kabisa ya sampu, kwa hiyo yakiwemo yanatangulia. Acha oili ishuke yenyewe mpaka ibaki matone ya kuhesabika. Fundi anayerudisha bolti wakati mchirizi bado unakimbia anakubakishia uchafu ambao ndio ulikuja kuutoa.

Beseni lipeleke juani. Tikisa polepole. Ukiona vimetameta vinazunguka ndani ya oili, kuna chuma kinalika. Pitisha sumaku. Kinachonasa ni chuma cha kawaida, na unga mwembamba kidogo kwenye gari lenye umri si ajabu. Kisichonasa na kinang'aa ndicho cha kuogopa zaidi, kwa sababu beringi za krenki (shafti kuu ya injini) na za konrodi (mikono inayoiunganisha na pistoni) zimepakwa metali laini ambazo sumaku haizivuti. Hapo kabla ya kuweka oili mpya, mpigie aliyekuuzia.

Filta nayo ipasue. Usitumie msumeno wa chuma, unga wa msumeno utaingia ndani na utabaki hujui kipi kimetoka kwenye injini. Toboa kwa patasi, malizia kwa mkasi wa bati, kunjua ile karatasi ya ndani, ikamue, iangalie kwenye mwanga. Vipande vya mpira au silikoni vinakuambia kuna mtu alishawahi kufungua injini na kupaka gasketi ya tyubu kwa mkono mzito.

Washa ya bolti, ile pete ndogo inayozuia kuvuja, iwekwe mpya. Ni kitu cha bei ndogo, na kwa kuikwepa mafundi wengi hukaza bolti kwa nguvu zote ili isivuje, matokeo yake meno ya sampu ya aluminiamu yanaliwa. Halafu kiwango. 1NZ ikibadilishwa pamoja na filta inataka lita 3.7. Kopo ni la lita 4, na fundi wetu anamimina lote kwa sababu "mteja ameshalipia". Ile ziada haitaua injini, lakini krenki haitakiwi kupiga oili ikatoa povu. Mimina lita tatu na nusu, washa, zima, subiri kidogo, pima, ongeza. Upande wa pili kuna wenye Mark X na Crown za V6 ya 2.5, ambazo zinataka zaidi ya lita 6, wanawekewa kopo moja la lita 5 na kuambiwa tayari.

Oili ipi

Funga masikio kwa anayekuambia "gari la zamani weka nzito". Soma kifuniko na kitabu. Kwenye oili kama 5W-30, namba ya kwanza, ile yenye W, inahusu injini ikiwa baridi; ya pili inahusu oili ikiwa imechemka, kwenye nyuzi 100. Dar es Salaam hatuna baridi ya kutuhangaisha na tofauti ya 0W na 5W. Aliyeko Makete au Njombe asubuhi ya Julai anaweza kuijali kidogo. Gari lililoandikwa 0W-20 kwa kawaida kitabu chake kinakubali pia 5W-30, na hiyo ndiyo ninayoweka kwenye magari mengi madogo ya petroli. Sipendi kabisa 20W-50 kwenye injini za VVT-i, mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa valvu kufunguka. Mfumo ule unasukumwa na oili kupitia vijia vyembamba na kichujio kidogo cha waya, oili nzito inachelewa kufika, na asubuhi unasikia mlio wa kukwaruza sekunde chache za kwanza. Tafuta pia kopo lenye alama ya ubora ya API SN au SP.

Ile dawa ya kusafisha injini inayomiminwa kabla ya kumwaga oili? Kwenye injini safi haina kazi. Kwenye injini yenye masizi ni hatari, inabandua vipande vikubwa kwa mpigo, vinakwenda kuziba chujio la pampu ndani ya sampu, na injini inanoki ikiwa na oili mpya tele. Ukikuta uchafu mzito, weka oili nzuri ya kawaida, tembea kilomita 1,000, mwaga pamoja na filta, rudia baada ya 2,000 au 3,000. Itasafika taratibu. Mwenye Subaru Forester ya turbo amwambie fundi aangalie pia kile kichujio kidogo kilichomo ndani ya bolti ya bomba la oili linalokwenda kwenye turbo. Kikiziba, turbo inakufa kwa kiu.

Oili ya gia ni habari nyingine na isibebwe kwenye safari moja na hii kwa mazoea. Nitasema neno moja: gari la CVT, yaani gia otomatiki ya mkanda, kama X-Trail nyingi, lisiwekewe ATF (oili ya gia otomatiki za kawaida) nyekundu ya jumla hata fundi akiapa.

Wiki zinazofuata

Kazi ambayo wengi hawaifanyi ni hii ya baadaye. Pima oili kila wiki, asubuhi, gari likiwa mahali pale pale pa tambarare, upige picha dipstiki. Baada ya mwezi utajua kama injini yako inakula oili. Wenye Harrier na Alphard za 2.4, injini ya 2AZ, msiliache hili. Ni injini ngumu lakini baadhi zina ugonjwa wa ringi kujaa masizi na kupitisha oili, na huko Marekani Toyota ilirefusha dhamana ya baadhi ya magari yenye injini hiyo kwa tatizo hilo hilo. Ikipungua lita nzima ndani ya kilomita 1,000 bila kuvuja popote chini, suala limehama kutoka kwenye oili kwenda kwenye ringi au sili za valvu, na kuendelea kuongeza bila kumwona fundi ni kuahirisha tu.

Oili chafu usiimwage kwenye mtaro. Wapo wanaoihitaji kupaka mbao na nguzo za uzio kuzuia mchwa, fundi wako anawajua. Na kopo tupu litoboe kwa bisibisi kabla hujaliacha gereji. Makopo mazima yenye vifuniko vyake yananunuliwa, yanajazwa vitu vingine, na yanarudi dukani yakiwa na lebo ile ile uliyoiamini.