Mshono Ukiponyoka, Usifumue Sweta

Kila Juni, baridi ikishabana hapa Uyole, Mbeya, wasichana walio likizo huja barazani kwangu kufuma na uzi wao, na kila mwaka huja na maneno yaleyale.

"Mshono ukiponyoka, fumua yote uanze upya." Hili ndilo limewafanya wengi waache kufuma. Mshono, yaani kitanzi cha uzi, ulioponyoka sindanoni huteremka mstari hadi mstari na kuacha kitu kama ngazi. Nyuzi zilizolala ndizo vipago vyake. Uzi haujakatika wala haujapungua. Chomeka pini ya nepi kwenye kitanzi ili kisizidi kushuka. Kisha geuza upande laini ukutazame, ingiza sindano ya kroshia kitanzini, nasa kipago cha chini kabisa, ukivute kipite ndani ya kitanzi. Hicho sasa ndicho kitanzi chako. Panda hivyo kipago kwa kipago, bila kuruka hata kimoja, hadi juu, ukirudishe kwenye sindano ya kushoto. Mdomo ufunge, hapo si pahali pa umbea.

"Kazi inapanuka kwa sababu mkono umelegea." Hesabu kwanza. Ulianza na mishono 40, leo ni 46? Basi umeiongeza mwenyewe. Mwanzoni mwa mstari uzi uliurusha juu ya sindano, mshono wa kwanza ukavutika ukaonyesha miguu miwili, nawe ukaifuma yote miwili. Uzi upite chini ya sindano ndipo uende nyuma. Ukiona tundu katikati ya kazi, hapo uliusahau uzi mbele.

"Fundi hukaza uzi." Wengi wetu tulianza na spoku za baiskeli, na spoku ina unene wa milimita 2 hivi. Uzi mnene wa sweta ukiufuma humo unatoka mkeka. Tafuta sindano za milimita 4 au 5, na mishono ya kuanzia itundike juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja.

"Kingo zikijikunja, piga pasi." Ufumaji wa mbele laini, nyuma vinundu, hujikunja kwa asili yake. Pasi ya moto juu ya akriliki huulegeza uzi moja kwa moja, haurudi tena. Anza na sentimita 5 za kupishanisha mshono mmoja wa kawaida na mmoja wa kinyume, wenye kinundu mbele, kama mkononi mwa sweta ya shule.

"Kufuma kipande cha kupimia ni kupoteza uzi." Tuseme umepanga mishono 22 kwa sentimita 10, na kifua cha mbele ni mishono 110, yaani sentimita 50. Mkono wako ukitoa mishono 20 tu, unapata 55. Mgongo nao vivyo hivyo, jumla sentimita 10 za ziada. Sweta ya kwanza niliyomfumia mdogo wangu ilivaliwa na baba.