Kabla hujanunua shawa ya umeme, soma kilowati zake

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu shawa za umeme huanza na malalamiko ya maji. "Fundi, maji ni ya moto lakini yanatoka membamba kama uzi. Njoo uangalie bomba." Naenda, nafungua, nakuta bomba zima, kichujio kisafi, presha ipo. Shawa haina ubaya wowote. Mwenye nyumba ndiye aliyeuziwa matumaini.

Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi hula takriban kilojuli 4.2. Shawa ya papo kwa papo haina tangi la akiba, maji hupita kwenye elementi, yaani koili inayoyapasha moto, na kutoka hapo hapo. Kwa hiyo shawa ya kilowati 8.5, ikipokea maji ya nyuzi 15 na kuyatoa yakiwa nyuzi 40, itakupa chini kidogo ya lita 5 kwa dakika. Maji yakiingia yakiwa nyuzi 10, zinabaki lita 4. Zile ndogo za kilowati 5.5, ambazo elementi imo ndani ya kichwa chenyewe, hufika lita 5 ikiwa tu maji yanaingia yakiwa na joto lake tayari, tuseme nyuzi 25. Ukitaka maji mengi zaidi yatapoa, ukitaka ya moto zaidi yatapungua. Ndiyo maana kwenye shawa nyingi kile kitufe unachodhani ni cha joto ni koki tu ya kubana maji.

Umeme wenyewe nao una njaa zake. Nguvu ya elementi hufuata mraba wa volti. Shawa iliyoandikwa kilowati 9.5 kwa volti 240, siku umeme umeshuka hadi volti 200, inatoa kama kilowati 6.6. Karibu theluthi ya joto imeyeyuka na hakuna kilichoharibika. Kama maji huwa moto alfajiri na vuguvugu saa mbili usiku, pima volti kwanza kabla hujamwita fundi bomba.

Namba hiyo hiyo ya kilowati ndiyo inayochagua waya. Gawanya wati kwa volti: 8,500 kwa 230 ni ampea 37, na zinapita mfululizo kwa muda wote unaooga. Soketi ya ampea 13 haifiki hata nusu yake, kwa hiyo hakuna plagi hapa wala kuchepusha laini kutoka soketi ya chumba cha pili. Shawa inataka laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, breka ya ampea 40, na waya wa milimita 10 za mraba. Wapo wanaotumia 6, na kwa njia fupi iliyo wazi ukutani unaweza kustahimili. Mimi nikiona waya utafukiwa ukutani au utapita juu ya dari yenye joto, sibishani, naweka 10. Kabla ya yote hayo naangalia kama meni ya nyumba inaweza kubeba shawa na jiko la umeme vikiwashwa pamoja.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo breka ilikuwa inakata kila mtu akioga. Aliyenitangulia alitibu kwa kuweka breka kubwa zaidi. Breka ikatulia kweli, waya ukaanza kupikika ndani ya ukuta hadi plastiki ikanuka chumbani. Kazi ya breka ni kulinda waya. Ukiiongeza bila kubadili waya, umemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele.

Sasa ethi, ambayo sina mzaha nayo. Katika shawa nyingi za kichwa, elementi iko uchi ndani ya maji, haina ganda. Maji yanapitisha umeme kidogo, na yakiwa ya kisima chenye chumvi yanapitisha zaidi. Waya wa ethi upo ili umeme huo uwe na njia ya kurudi isiyopita kwako. Mahali pasipo na ethi, kuna mafundi wanaochukua nyutro, waya unaorudisha umeme, na kuigusanisha na skrubu ya ethi ndani ya shawa, halafu wanajaribu na inawaka vizuri. Itawaka vizuri mpaka siku nyutro itakapokatika mahali fulani njiani. Siku hiyo umeme unapita kwenye elementi, unakosa pa kurudi, na kila kilichofungwa kwenye skrubu ile ya ethi kinakuwa laivu, yaani kina umeme, na wewe umesimama chini yake ukiwa umelowa. Kama nyumba haina ethi, kazi ya kwanza ni kuitafutia ethi. Shawa isubiri.

Pamoja na ethi naweka RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Breka ya ampea 40 haioni kabisa umeme mdogo unaoweza kuua mtu, kwake huo ni upuuzi. RCD hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikizidi kiwango chake inakata. Wengine huing'oa kwa sababu "inasumbua" kwenye shawa yenye elementi uchi. Kama inasumbua, kuna umeme unaovuja. Tafuta unapovujia, na kama ni elementi yenyewe, badilisha shawa uchukue ile yenye elementi iliyofunikwa, uiache RCD mahali pake.

Swichi ya shawa iwe ile inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, ikae nje ya mlango au kwenye dari ikivutwa kwa kamba. Kuunganisha kwenye bodi mwachie fundi umeme mwenye leseni, hata kama wewe una mkono mzuri.

Upande wa maji ni mwepesi zaidi. Bomba la nusu inchi linatosha, lakini lianzie karibu na chanzo. Likianzia baada ya sinki la jikoni, kila mtu akiosha vyombo wewe utaungua, maana maji yakipungua joto linapanda. Weka valvu kabla ya shawa ili siku ya matengenezo usifunge nyumba nzima. Mbele ya shawa, kwenye njia ya kutokea, usiweke koki yoyote: maji yakifungiwa humo huku elementi inawaka, presha itatafuta pa kutokea. Pima pia urefu wa tangi. Kila mita 10 za kimo ni takriban baa 1, hivyo tangi lililo mita 2 juu ya kichwa cha shawa linatoa baa 0.2 tu, na shawa nyingi za ukutani zitakataa kuwaka kwa presha hiyo. Hapo aliyefunga waya humlaumu aliyefunga bomba, na kinyume chake, kumbe hakuna aliyesoma karatasi ya kifaa.

Kabla ya kufunga shawa, fungua bomba maji yamwagike kwenye ndoo mpaka yatoke safi. Mchanga na vipande vya tepu vikiingia kwenye kichujio, siku ya kwanza tu utakuwa na lile lalamiko la uzi. Kisha funga, pitisha maji baridi umeme ukiwa umezimwa mpaka hewa yote itoke, ndipo uwashe. Elementi ikiwashwa ikiwa kavu huungua mara moja.

Mimi huiacha iwake kama dakika 10, kisha naweka kiganja juu ya kifuniko cha swichi. Kikiwa vuguvugu, sawa. Kikiwa cha moto, nazima meni, nafungua, na karibu kila mara nakuta skrubu moja ambayo niliamini nimeikaza.